Je, Wajua? Alama za Hazina, Kutoka Buha Hadi Arizona

Jiwe lenye msalaba, mshale uliochongwa mwambani, nguzo ya saruji juu ya kilima kisicho na nyumba: nani asingejiuliza kuna nini chini yake? Simulizi za mali ya Mjerumani, inayosemekana kufukiwa wakati wa vita, zimeenea Tanzania nzima. Ukizifuata kwa makini kuanzia Kasulu na Kibondo, yaani Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, utakutana na maajabu makubwa kuliko chungu cha rupia.

Mjerumani alificha kweli hazina Kigoma
Ilikuwa meli nzima! Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kuletwa Ziwa Tanganyika ndani ya masanduku yapatayo 5,000. Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kabla ya kukimbia, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa Mto Malagarasi, injini zikiwa zimepakwa grisi nene zisipate kutu, maana walitarajia kurudi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina tunalolijua sote: Liemba.

Dhahabu yote ya Tabora ilikuwa mifuko miwili na kidogo ya saruji
Vita vilipowakatia Wajerumani njia ya kuletewa fedha kutoka kwao, mwaka 1916 walifyatua sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo katika karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilikuwa 16,000 na ushei, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 hivi. Ukizirundika zote hazifiki kilo 120, na nyingi zilikwishaingia mikononi mwa watu. Mzigo huo ungegawanywaje kwa kila kilima kinachosemwa kina mali?

Buha iliwahi kutawaliwa na Wabelgiji
Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigoma mwaka 1916, na nchi ya Waha ikabaki chini yao hadi 1921, ilipokabidhiwa kwa Waingereza. Kwa hiyo ndani ya miaka mitano tu, mkulima wa Heru au Muhambwe, falme za Waha, aliona tawala tatu za kigeni. Jiwe la kale linaloitwa "la Mjerumani" huenda liliwekwa na mwingine kabisa, pengine kwa ajili ya mpaka wa Burundi.

Bikoni ya kilimani ilisaidia kuipima dunia
Mstari wa longitudo wa nyuzi 30 mashariki hupita karibu sana na mji wa Kasulu. Mwaka 1879 David Gill, mwanaastronomia wa Rasi ya Tumaini Jema, alipendekeza Afrika ipimwe kwa kufuata mstari huo, kilima hadi kilima, kwa bikoni, yaani nguzo za wapimaji wa ardhi, kutoka kusini mwa bara hadi Misri. Mpimaji Martin Hotine na wenzake walipima magharibi ya Tanganyika kati ya 1931 na 1933, na pengo la mwisho, huko Sudan, likazibwa mwaka 1954. Ni kazi ya miaka 75! Anayeing'oa bikoni akitafuta mali hapati kitu, na wapimaji wa ardhi hupoteza alama yao.

Mfalme wa Hispania aliacha alama Mombasa
Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya Philip wa Pili, aliyekuwa mfalme wa Hispania na Ureno kwa wakati mmoja. Malindi nako kuna nguzo yenye msalaba ya Vasco da Gama, ukumbusho wa safari yake ya 1498. Nguzo ile iliwekwa mahali pa wazi ili kila nahodha aione. Kazi yake ilikuwa kutangaza.

Arizona, walichimba kanisa lisilohusika
Mwaka 1767 mfalme wa Hispania wa wakati huo aliwafukuza Wajesuiti, shirika la mapadre wa Kikatoliki, katika makoloni yake ya Amerika, na uvumi ukazuka kwamba waliacha dhahabu nyuma. Hadi leo wapo wanaozunguka majangwani wakisoma misalaba, mioyo na kobe waliochorwa maweni. Huko Tumacácori walifukua hadi sakafu ya kanisa. Kumbe kanisa hilo lilianza kujengwa na Wafransisko, shirika jingine la Kikatoliki, karibu mwaka 1800, zaidi ya miaka 30 baada ya Wajesuiti kuondoka!

Hazina ya Uvinza huchemshwa
Kusini mwa Kasulu, chemchemi za Uvinza zimewapa watu chumvi kwa zaidi ya miaka 1,400. Wanaakiolojia walilijua hilo katika miaka ya 1960, kwa kusoma vigae vya vyungu na mashimo ya kuchemshia, tabaka baada ya tabaka. Sururu moja ya mtafuta rupia ingeweza kuyachanganya matabaka hayo kwa asubuhi moja, na historia hiyo isingesomeka tena.

Kuchimba mambo ya kale kunataka kibali
Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na kufukua mabaki ya kale bila kibali ni kosa. Ukikutana na jiwe lenye mchoro huko Kasulu au Kibondo, lipige picha, andika mahali lilipo, kisha toa taarifa ofisi ya kijiji au kwa afisa utamaduni wa wilaya. Jiwe lisiloguswa humweleza mtaalamu mengi: nani aliliweka, lini, na kwa nini hapo.