Mkomwe: Mmea wa Miiba Unaolinda Mchanga wa Pwani

Tunapozungumzia utunzaji wa fukwe, wengi huuliza mkomwe una faida gani zaidi ya kuchoma watu miguu. Makala hii inajaribu kujibu swali hilo.

Mkomwe ni mmea gani?

Ni mmea wa asili wa jamii ya mikunde. Shina lake ni gumu kama la mti, lakini haliwezi kusimama lenyewe, hivyo hutambaa na kuparamia miti ya jirani. Miiba ya kwenye vikonyo vya majani imepinda kama ndoana, nayo ndiyo inayoshika matawi mmea unapopanda. Maua ni ya njano. Hata maganda yake yana miiba, na ndani mna mbegu chache za kijivu, ngumu na nyororo. Hizo ndizo komwe za bao: 64 kwa mchezo mmoja, yaani 32 kwa kila mchezaji.

Makazi yake

Mkomwe huota hasa kwenye vichaka vilivyo nyuma kidogo ya mahali maji kujaa yanapoishia. Komwe huelea. Bamvua likija huzichukua, na bahari huzipeleka mbali. Zimewahi kuokotwa hadi fukwe za Scotland. Ndiyo maana mmea huu umeenea pwani nyingi za nchi za joto.

Kwa nini usifyekwe ovyo?

Vichaka vya ufukweni hupunguza nguvu ya upepo, na mizizi yake hushika mchanga. Vikifyekwa vyote, mchanga hubaki wazi, na mawimbi hupata njia rahisi ya kufikia mashamba na nyumba.

Ushauri kwa kamati

1. Acheni ukanda wa vichaka ufukweni, mkifungua njia chache tu za wavuvi.

2. Palipofyekwa, pandeni komwe. Ganda lake halipitishi maji, hivyo lisugueni kwanza kwa msasa upande mmoja, kisha loweka usiku kucha.

3. Msipande mkomwe kati ya mazao au miti michanga, kwani huifunika.

Kwa wafadhili wetu, ni vema ikumbukwe kwamba kutunza kichaka kilichopo ni rahisi kuliko kukirudisha kikishatoweka. Na sisi wa pwani tukumbuke kuwa komwe za barazani zimetoka kwenye miiba hiyo hiyo tunayotaka kuichoma moto.