Pipa Baharini: Wimbi la Ivan Bilibin

Katika hekaya ya Tsar Saltan, iliyotungwa kwa mashairi na Mrusi Aleksandr Pushkin mwaka 1831, malkia anasingiziwa na wenye husuda, anafungiwa ndani ya pipa pamoja na mwanawe mchanga, na wote wawili wanatoswa baharini. Mtoto anakua kwa saa badala ya miaka. Akiwa humo gizani, analisihi wimbi liwafikishe nchi kavu, na wimbi linatii. Safari hiyo ndiyo aliyoichora msanii Ivan Bilibin katika toleo la hekaya hiyo la 1905.

Pipa lenyewe ni dogo. Karibu nafasi yote imeachiwa maji na anga la usiku lenye nyota: mawimbi yamepanda, migongo yao imejaa michirizi, na kwenye vilele povu limejikunja kama vidole. Povu la namna hiyo asili yake ni Japani, katika wimbi kubwa la Kanagawa ambalo Katsushika Hokusai alilitoa kwa chapa ya mbao karibu na mwaka uleule Pushkin alipoandika hekaya yake. Chapa za Kijapani zilipendwa sana na wasanii wa kundi la Mir iskusstva la St Petersburg, ambao Bilibin alikuwa mmoja wao. Hata hivyo, hakunakili tu. Wimbi la Hokusai linawaelemea wavuvi walio mashuani. La Bilibin limebeba abiria. Katika hekaya hii wimbi ni mhusika anayesikia anapoombwa, na ni haki kabisa lichorwe likiwa na vidole.

Bilibin, aliyezaliwa mwaka 1876, aliwahi kufundishwa na mchoraji Ilya Repin. Kati ya 1902 na 1904 alizunguka vijiji vya kaskazini mwa Urusi, zikiwemo sehemu za Vologda na Arkhangelsk, akipiga picha nyumba za mbao na kukusanya vitambaa vya tarizi. Mengi ya mavazi na mapambo ya pembeni katika vitabu vyake vilivyofuata yanatokana na ziara hizo.

Lakini nguvu ya bahari yake imo katika mstari. Alianza kwa penseli, akahamishia mchoro kwenye karatasi nzito kwa karatasi ya kunakilia, kisha akaupitia kila mstari kwa wino na brashi. Wenzake walimwita Ivan Mkono wa Chuma, kwa jinsi mkono wake ulivyokuwa thabiti. Rangi za maji zilifuata mwishoni, kila moja ikikaa ndani ya mipaka ya wino. Picha za aina hii zinafaa sana kwa litografia, ambamo kila rangi huchapwa peke yake, moja juu ya nyingine. Kazi hiyo ilifanywa na kiwanda cha serikali kilichokuwa kikichapa noti za Urusi, na mafundi waliozoea mistari myembamba ya noti waliweza kuutunza hata mchirizi mdogo kabisa wa povu.