Majaribio na Usakinishaji wa Kiotomatiki wa Programu za Wavuti

Programu ya wavuti, mathalani kamusi inayosomwa kwa kivinjari, haikai katika tarakilishi ya aliyeiunda. Hukaa kwenye seva, na aghalabu ni seva kadhaa zinazogawana kazi. Kila msimbo unapobadilishwa, mambo mawili hayana budi kufanywa: kuhakikisha kwamba kilichokuwa sahihi jana hakijaharibika leo, na kuufikisha msimbo mpya katika kila seva. Yote mawili yanaweza kutendwa kwa mkono, na hapo ndipo penye hatari.

Jaribio ni msimbo mfupi unaoukagua msimbo mwingine. Ikiwa kamusi hiyo hutoa maumbo ya wingi, jaribio litadai kwamba 'kitabu' kizae 'vitabu' na 'chumba' kizae 'vyumba'. Mtaalamu akiongeza kanuni kwamba kila nomino inayoanza kwa 'ch-' ichukue 'vy-', 'chumba' kitasalimika, ila chumvi itageuka kuwa 'vyumvi'. Mashine inayoyaendesha majaribio yote kila msimbo unapowasilishwa itaikataa kanuni hiyo papo hapo, mradi kuna aliyekumbuka kuandika jaribio la 'chumvi'. Desturi hii ilienezwa na Kent Beck na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1990.

Msimbo ukishafaulu, husalia safari ya kuupeleka kwenye seva. Wengi huidharau hatua hii kwa kuidhania kuwa ni kunakili faili tu. Kisa cha kampuni ya Knight Capital ya Marekani kinaonyesha vinginevyo, ingawa programu yake ilikuwa ya biashara ya hisa wala si ya wavuti. Kabla ya tarehe 1 Agosti 2012, msimbo mpya ulipaswa kunakiliwa katika seva nane. Fundi akaziwekea saba, moja akaisahau. Hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka fundi wa pili ahakiki kazi hiyo. Katika seva iliyosahaulika mlikuwa na msimbo mkongwe, ambao kampuni iliacha kuutumia mwaka 2003, na ishara iliyouamsha ndiyo ile ile iliyotengewa msimbo mpya. Soko lilipofunguliwa, seva hiyo ilimwaga maagizo ya kununua na kuuza bila kikomo. Mafundi, wasijue kasoro ilikuwa wapi, waliuondoa msimbo mpya katika zile seva saba zilizokuwa salama, nazo zikaanza kukosea vivyo hivyo. Katika muda wa dakika 45 hivi, kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 460.

Usakinishaji wa kiotomatiki huziandika hatua hizo zote katika faili, nayo mashine huzifuata bila kuruka hata moja. Baada ya kunakili, huiuliza kila seva ina toleo gani. Ikipatikana moja iliyobaki nyuma, shughuli husimama. Wengine huanza na seva moja, wakaitazama kwa muda, ndipo wakaendelea na nyingine. Toleo la awali nalo huhifadhiwa ili lirejeshwe kwa amri moja. Hata hivyo, faili hiyo nayo ni msimbo: ikiorodhesha seva saba badala ya nane, mashine itaisahau ya nane kila siku, kwa uaminifu mkubwa.