Resa za mitumba Kericho na Bomet: saizi isiyo na bei

Anayetafuta resa, yaani baiskeli ya mbio, Kericho, Litein au Bomet huulizwa jambo moja: ana pesa ngapi? Urefu wa mguu wake haumo katika mazungumzo. Muuzaji hushusha siti kidogo, humwambia, "Panda ujaribu, boss, hii imekutosha kabisa," na maneno yanahamia kwenye bei. Bei nayo hupangwa kwa mng'aro wa rangi, jina lililoandikwa kwenye fremu na idadi ya gia. Ukubwa wa fremu, kitu pekee ambacho fundi hawezi kukurekebishia baadaye, hautozwi hata shilingi. Mwenye tepu ya kupimia mfukoni ana nafasi yake hapo.

Wateja wa biashara hii wamebadilika. Mwaka 2008 serikali iliziondolea VAT pikipiki ndogo za chini ya sisi 250, na bodaboda ya injini ikamaliza kazi ya baiskeli nzito ya Black Mamba ya kubeba watu na mizigo. Katika milima hii ya chai sidhani kuna aliyeilalamikia hatua hiyo, maana kusukuma baiskeli ya chuma yenye gia moja na mtungi wa maziwa nyuma ni adhabu. Anayeulizia resa leo anataka mazoezi au mashindano. Amemwona Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyepitia mikononi mwa mkufunzi David Kinjah kule Kikuyu, akitwaa Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Na lami anayo, kutoka Kericho kupitia Litein na Kapkatet hadi Sotik na Bomet.

Mzigo wa baiskeli hizi huingia kwa kontena kupitia Mombasa, na kwa kawaida mwenye kontena hachagui saizi. Baiskeli huja na mwili wa aliyeiacha. Mwanamume wa Uholanzi kwa wastani ana takriban sentimita 183, wa Japani 171 hivi, na Mkenya yuko karibu na huyo Mjapani. Kwa hiyo fremu za 58 na 60 kutoka Ulaya hupatikana kwa urahisi kuliko za 52 na 54, ambazo ndizo wengi wetu tunazihitaji. Ukisikia baiskeli imetoka Japani, isogelee kwanza.

Namba hizo ni sentimita za bomba la siti, kuanzia katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya bomba. Kuijua saizi yako, vua viatu, simama ukutani, bana kitabu kati ya mapaja hadi kigote juu, kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kwa 0.67. Mguu wa sentimita 82 unakupa 55. Hesabu hii ni ya fremu za zamani zenye bomba la juu lililolala sawasawa. Tangu kampuni ya Giant ilipotoa resa ya TCR, iliyobuniwa na Mike Burrows, mwaka 1997, bomba la juu linaloteremka kuelekea kwenye siti limeenea, na fremu yenye bomba fupi la siti inaweza kuwa ya mtu mrefu. Kwa hizo, nyoosha tepu kwa usawa wa ardhi kutoka katikati ya bomba la usukani hadi kwenye nguzo ya siti, na hesabia urefu huo.

Wenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi ndio huumia zaidi. Mtu wa sentimita 172 mwenye mguu wa 84 ataambiwa na hesabu kwamba anahitaji 56, kisha akae amejinyoosha hadi mabega na shingo vimuume kabla hajafika Kapsoit. Huyo achukue 54 na apandishe siti. Siti inapanda, na shingo ya usukani hubadilishwa kwa gharama ndogo, lakini bomba la juu halikatwi.

Mvua ya Kericho nayo ina bei yake. Kabla ya kulipa, legeza bolti ya siti na uizungushe. Nguzo ya alumini iliyokaa miaka ndani ya fremu ya chuma hugandamana nayo, na fundi akiitoa kwa nyundo na moto anaweza kuondoka na fremu pia. Geuza baiskeli juu chini, futa grisi kwenye maungio ya ekseli ya pedali na chini ya bomba la usukani, utafute ufa mwembamba kama unywele. Alumini iliyopasuka usiipeleke kwa wa kuchomelea. Chuma kinavumilia zaidi.

Gia pia zitazamwe. Kutoka Ahero kwenye tambarare ya Nyando hadi Kericho unapanda zaidi ya mita 800, na resa nyingi za zamani zina gia ndogo ya mbele ya meno 42, na ya nyuma kubwa kabisa ya 23 au 25. Tenga pesa za kubadilisha ya nyuma kabla hujakubali bei.

Na fremu ya 60 iliyo safi, yenye magurudumu mazima, usiipite ikiuzwa rahisi. Ihesabu kama spea: toa magurudumu, breki na gia uvifunge kwenye 54 iliyochoka, ukishahakikisha nafasi ya gurudumu la nyuma inalingana. Fremu za zamani zina milimita 126, za baadaye 130.