Lami ya Moto Juu ya Nyumba ya Isinya

Wazee wetu wa Lamu na Mombasa walijenga kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na sakafu ya juu wakaishindilia chokaa mpaka ikakazana, maji yakatokea mlizamuni. Sisi tuliojenga Isinya, kwenye barabara ya Namanga, tumefunika nyumba kwa zege bapa, na zege hupasuka: mchana jua la Kajiado hulitanua, usiku baridi hulirudisha.

Nyufa zetu zilivuja juu ya kitanda cha bibi. Tukamwita fundi wa lami siku mbili tu baada ya mvua. Haraka ilikuwa yetu, naye hakutukataza. Zege lilikuwa lingali na unyevu ndani. Lami ilipomwagwa, mvuke ukapanda ukaifurisha malengelenge, nayo yalipopasuka tukarudia ndoo na matambara.

Mara ya pili tulingoja Januari, kiangazi kilipokausha kila kitu. Fundi mwingine alifagia vumbi, akaziba nyufa, akapaka lami nyepesi ya kutangulia, akaiacha ikauke. Ndipo alipoyeyusha lami ngumu pipani kwa moto wa polepole, kiasi cha nyuzijoto 200 na kidogo. Ikizidi mno hutoa moshi mzito na huweza kuwaka. Akaimwaga kidogo kidogo, akikunjua karatasi ya lami juu yake kabla haijapoa, akianzia upande wa chini yanakoelekea maji, kila ukingo ukilalia mwenziwe kwa upana wa kiganja. Pembeni aliipandisha ukutani kiasi cha shubiri. Kwenye mdomo wa bomba alikawia kuliko mahali pengine popote, na tukaelewa kwa nini yule wa kwanza alimaliza mapema.

Watoto siku ile tuliwapeleka kwa jirani. Lami ikishika moto haizimwi kwa maji, kwani huruka na kusambaa. Pipa hufunikwa kifuniko cha chuma. Ikimwangukia mtu, mmiminieni maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, msiibandue ngozini, msipake siagi wala dawa ya meno. Mpelekeni hospitali nayo imeganda vivyo hivyo.

Maji ni adimu Isinya, nasi tumezoea kukinga ya mvua. Yanayotoka kwenye lami twayafulia na kumwagilia miti. Ya kunywa twayakinga kwenye mabati ya banda la jiko.