Shosho Alikuwa Mtu wa Namna Gani?

Siku hizi mazishi ya Meru na Embu hayakamiliki bila kijitabu. Karatasi yake inang'aa, jalada lina picha ya marehemu akiwa na kitambaa cha kanisani kichwani, na ndani, baada ya ratiba ya ibada, kuna wasifu. Ukishasoma vitatu vinne, cha tano unakijua kabla hujakifungua: alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto na wajukuu na vitukuu, akawa mwanachama mwaminifu wa Mothers' Union, au Woman's Guild, au chama cha akina mama Wakatoliki, akaugua shinikizo la damu, akalala. Msomaji, ambaye aghalabu ni mjukuu aliyesoma kuliko wenzake, huhimizwa afupishe kwa kuwa wanasiasa bado hawajasalimia watu.

Ufupi hauniudhi. Kinachoniudhi ni kwamba kina shosho, yaani bibi zetu, wote hutoka humo wamefanana.

Chukua ule mwaka wa kuzaliwa. Wakoloni waliwavika wanaume kipande cha utambulisho tangu miaka ya 1920, lakini wanawake hawakuingizwa katika usajili wa vitambulisho hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Shosho alipofika mbele ya karani alikuwa tayari mama wa watoto wakubwa, na karani akamtazama usoni, akauliza kuhusu nzige na njaa na kifungua mimba wake, kisha akaandika mwaka uliomridhisha. Wanaume wa Kimeru walikuwa na marika yao, Kiramunya, Ithalie, Michubu, na ukilijua rika la mtu unakadiria umri wake bila karatasi. Shosho alihesabiwa kwa rika la mumewe. Mwaka uliochapishwa kijitabuni ni wa karani.

Umri wake wa kweli ulikuwa juu kidogo ya paji la uso. Wanawake wa pande hizi hubeba mizigo mgongoni, na ukanda unaoshika mzigo hupita kichwani. Baada ya miaka ya kuni, maji na magunia ya viazi, ukanda huo uliacha mfereji ambao haukufutika hata shosho alipozeeka na kuacha kubeba. Nchi yenyewe ndiyo iliyouchimba. Mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya, Kathita, Nithi, Thuci, Rupingazi, hupita kwenye mabonde yaliyosimama kama ukuta, nyumba ziko juu kwenye migongo ya vilima, maji yako chini. Mwanamke alishuka na kibuyu kitupu, akapanda na maji. Watoto walipenda kupitisha kidole kwenye mfereji ule, naye aliwaacha, ila siku alipokuwa na hasira.

Kisha pesa. Katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipoanza kuwaruhusu Waafrika kupanda kahawa, Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza, pamoja na Kisii. Mikono ya kuchuma ilikuwa ya wanawake na watoto. Jina kwenye chama cha ushirika lilikuwa la baba. Malipo yalipotoka, mama aliyachungulia kwa mbali, mara nyingine yakiwa yameshapitia kwenye klabu ya pombe. Kule Igembe, Meru, miti ya miraa ilikuwa, na ingali, mali ya wanaume. Zilizobaki kwa mwanamke zilikuwa ndizi, maharagwe na mboga, vitu ambavyo wanaume hawakuvihesabu kuwa mali. Ndizi hizo zilinunua sare za shule. Tangu Gakoromone na Nkubu hadi Runyenjes, sokoni palikuwa mahali pekee ambapo shosho alishika noti bila kuulizwa imetoka wapi, na sishangai kwamba alipenda kwenda hata siku asiyokuwa na cha kuuza. Mwanamke wa juu, wa Kianjokoma au Chogoria, alikutana huko na mwenzake wa chini, wa Ishiara au Tharaka, aliyekuja na mtama, mbaazi na kunde. Wakipatana bei wanapata na habari: nani ameposwa, nani amefiwa, mvua imefika wapi.

Lakini lipo jambo ambalo sijaliona katika kijitabu chochote, wakati wanawake wengi wa Meru waliozikwa miaka ya karibuni walilipitia wakiwa wasichana. Mwaka 1956 wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru, kwa kushirikiana na utawala wa kikoloni, walipiga marufuku tohara ya wasichana. Hali ya hatari, iliyotangazwa na wakoloni dhidi ya Mau Mau, ilikuwa bado inaendelea. Watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vilivyolindwa, na wanawake pamoja na waume zao walikuwa wamechimbishwa handaki pembezoni mwa msitu wa mlima ili wapiganaji wa Mau Mau wakose chakula. Wasichana waliposikia marufuku, walikwenda madukani wakanunua nyembe, wakaingia vichakani, wakatahiriana wenyewe. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri. Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyewahoji wengi wao wakiwa watu wazima, anaeleza kwamba katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wasichana pamoja na wanaume na wanawake, walishtakiwa kwa kukaidi amri hiyo.

Ni vigumu kulisema hilo mbele ya jeneza na mchungaji ameketi. Tohara ile iliwadhuru wasichana, wengine walibeba madhara yake katika kila uzazi, na leo ni kosa la jinai. Hata hivyo fikiria msichana wa miaka kumi na kitu ambaye chifu amemkataza, wazee wa Njuri wamemkataza, wamisionari walikuwa wamekataza kitambo, na bado anajibu kwamba mwili ni wake na utu uzima ni wake. Kosa na ujasiri vilikaa ndani ya msichana mmoja. Ukimfuta huyo, humwelewi shosho ambaye miaka arobaini baadaye aliwaambia wazee wa ukoo kwamba mjukuu wake hatakatwa, na wakanyamaza. Mwaka 1996, huko Gatunga, Tharaka, familia kadhaa zilianzisha Ntanira na Mugambo, tohara ya maneno, kwa msaada wa shirika la Maendeleo ya Wanawake: wasichana walikaa ndani kwa muda wakafundishwa, wakatoka kwa ngoma na zawadi, wembe haukuonekana. Mafunzo yalihitaji wanawake watu wazima, na baadhi ya watu wazima wa wakati huo ndio waliokuwa wasichana wakati wa Ngaitana.

Kufundisha hakukuwa kazi mpya kwao. Wajukuu walilala nyumbani kwa shosho, karibu na mafiga matatu, na hapo ndipo yalipotoka mambo ambayo mama mzazi angeona haya kuyatamka. Shosho na mjukuu hutaniana. Mvulana anayebeba jina la babu huitwa "mume wangu", akisahau kuleta kuni anaulizwa kama ameoa mke wa pili. Hadithi za zimwi na za fisi anayedanganywa na sungura zilisimuliwa usiku. Ciarunji Chesaina alizikusanya za Embu na Mbeere katika kitabu chake cha mwaka 1997, na ni vizuri alifanya hivyo mapema.

Familia moja ninayoifahamu ilipata mtoto wa kike miezi michache baada ya kumzika shosho. Baba ni Mwembu wa karibu na Runyenjes, mama ni Mmeru wa Imenti. Kwa Waembu hapakuwa na mjadala: msichana wa kwanza huitwa kwa bibi mzaa baba, jina lile lile, na marehemu alikuwa Wawira. Wageni wa Imenti walikubali, kisha wakaomba jina la pili kwa desturi yao, ambayo humpa mtoto sifa ya mzee badala ya jina lake. Wakauliza swali ambalo halikuulizwa siku ya mazishi: alikuwa mtu wa namna gani? Mmoja akasema apewe Karimi, kwa kuwa alilima hadi mwisho. Shangazi akapinga, akasema alilima kwa sababu alilazimika, alichokipenda ni kucheka, basi Makena. Mzee aliyekuwa amenyamaza muda wote akakumbusha jinsi alivyomfukuza mnunuzi wa kahawa aliyechezea mizani, akimkimbiza na jembe hadi barabarani. Chai ikaletwa mara ya pili. Watu walikuwa wakikatizana, kila mmoja ana lake, na mtoto alikuwa bado hajapata jina la pili jua lilipokuwa linazama.