Jicho zima, tundu limeziba

Mama anapepea kitenge chekundu mbele ya uso wa mwanawe wa miezi mitatu. Mtoto hageuki. Anawasha tochi ya simu. Macho yanachezacheza tu, kama yanatafuta kitu darini. Daktari akimulika, mboni ni safi, hakuna mtoto wa jicho. Kasoro iko nyuma yake, kwenye mfupa.

Neva ya jicho ina nyuzi zaidi ya milioni moja, na zote hupenya fuvu kupitia tundu la milimita chache. Mfupa ukinenepa, tundu huikaba neva kama pete iliyokwama kidoleni, ila hapa kinachovimba si kidole, ni pete yenyewe.

Ugonjwa huu huitwa osteopetrosi. Tumezoea kudhani mfupa ukishakua umekua. Kumbe kila siku kuna seli zinazoujenga na nyingine zinazoula. Kwa mtoto huyu walaji hawapo, au wapo na hawali. Mfupa unarundikana. Mwaka 1904 Heinrich Albers-Schönberg, daktari wa eksirei wa Hamburg, Ujerumani, alieleza mifupa ya namna hiyo: kwenye picha ni myeupe pe hadi katikati, mahali ambapo uboho ungekaa. Na usidhani unene ni nguvu. Mfupa huo huvunjika kama chaki.

Uboho ukikosa nafasi, damu hupungua na bandama huvimba. Kwetu, dalili hizo kwanza hufikirisha malaria au selimundu, na si ajabu, maana osteopetrosi kali humpata takribani mtoto 1 katika kila vizazi 250,000. Hurithiwa kwa baba na mama ambao wenyewe hawaumwi, na wakiwa mtu na binamu yake uwezekano hupanda.

Tiba ni kupandikiza uboho, kwa sababu seli zinazokula mfupa huzaliwa humo: uboho wa mfadhili huja na walaji wake. Haifai kwa aina zote. Wapo pia wapasuaji wanaoukereza mfupa kupanua tundu, matokeo yakitofautiana.

Upandikizaji ukishika, baada ya miezi kadhaa picha ya paja huanza kuonyesha mstari mweusi katikati ya weupe: walaji wameingia kazini, uboho unapata chumba. Macho, mara nyingi, hubaki pale yalipofikia siku mtoto alipoingia wodini.